Kitabu cha Mtoro

Nilikuwa darasa la sita nilipoitwa mtoro mara ya kwanza. Mwalimu wa zamu alisimama mlangoni na rejista, akasoma majina manne, akasema, "Watoro, mbele." Siku iliyotangulia tulikuwa tumeenda kuogelea mkondoni, upande wa mikoko, pale ambapo ndege zinashuka chini hadi unaweza kuhesabu magurudumu yake. Tulichapwa, tukarudi kukaa. Mara ya pili nilikuwa na miaka ishirini na moja. Karo ya chuo ilikuwa imenishinda, nikabeba begi nikarudi Port Reitz, na mjomba akaniuliza mbele ya watu, kwa utani ambao haukuwa utani: "Kwa hivyo sasa wewe ni mtoro rasmi?"

Neno hilo lilinikaa kooni. Ndiyo sababu nilishtuka nilipokutana nalo tena kwenye historia ya pwani, likiwa na uzito mwingine kabisa. Kabla ya kuwa la rejista, neno mtoro lilikuwa la mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Hakuwa mtu wa kukosa somo la hesabu. Alikuwa mvunja sheria, na akikamatwa alirudishwa shambani kwa nguvu. Watu hawa walijificha msituni nyuma ya Malindi, Takaungu na Mombasa, wakajenga vijiji, wakalima, wakashika bunduki, wakawanyima usingizi mabwana wao kwa miaka mingi. Sisi tumechukua jina lao tukalibandika mtoto aliyekwenda kuogelea.

Makala haya yanahusu kitabu kimoja kilichoandikwa na kimoja ambacho bado. Kilichoandikwa ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa na Sheldon Press ya London mwaka 1934. Ambacho bado ni kitabu cha mtoro. Ninataka kusoma kile cha kwanza kwa makini, kwa sababu naamini ndani yake mnaonekana umbo la kile kinachokosekana.

Lakini kwanza tuseme ukweli kuhusu wahalifu tunaowapenda.

Mtaani kwetu kitabu kilichosomwa hadi jalada likang'oka hakikuwa cha mtihani. Kilikuwa My Life in Crime cha John Kiriamiti, cha mwaka 1984. Kijana mmoja alikuwa nacho, tukakikodi kwa zamu, wengine wakisoma kwa tochi ya simu stima ikipotea. Jack Zollo alikuwa wetu. Kiriamiti alikuwa mwizi wa benki kweli, akafungwa kweli, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekuambia siri barazani. Shuleni tukapewa mhalifu wa aina nyingine: Dedan Kimathi, ambaye Waingereza walimwita gaidi wakamnyonga mwaka 1957, na ambaye tangu 2007 amesimama katikati ya Nairobi akiwa sanamu, bunduki mkononi. Kati ya Zollo na Kimathi tukajifunza somo moja bila kuambiwa: mhalifu wa kusomwa ni mwanamume mmoja, ana jina, ana bunduki, na mwisho wake ni jela au kamba.

Si sisi peke yetu. Waaustralia nao wana Ned Kelly, aliyenyongwa Melbourne tarehe 11 Novemba 1880. Baba yake alikuwa mfungwa aliyesafirishwa kutoka Ireland. Kelly na wenzake waliua polisi watatu, wakaiba benki, wakajitengenezea deraya kwa vyuma vya plau. Mwaka 1879 aliamuru iandikwe barua ndefu ya kujitetea, ikabaki hadi leo. Mwaka 1906 akatengenezewa filamu inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani kufikia zaidi ya saa moja. Mwaka 2000 mwandishi Peter Carey akamwandikia riwaya, ikapata Tuzo ya Booker mwaka uliofuata. Nchi nzima imemchukua muuaji wa polisi ikamfanya babu.

Kilichonivutia zaidi ni asili ya kabila lake. Majambazi wa nyikani wa Australia, wale wa kwanza kabisa, hawakuwa wezi wa benki. Walikuwa wafungwa waliotoroka kazi ya lazima wakaingia msituni. Yaani watoro. Kwao, mtoro alipewa farasi, wimbo, filamu na riwaya. Kwetu alipewa viboko vinne na kusimama mbele ya darasa.

Kwa nini? Jibu la haraka ni kwamba wao walikuwa weupe na sisi tulitawaliwa. Ni kweli, lakini halitoshi. Mau Mau nao walitawaliwa na wana sanamu. Nadhani jibu letu lina uhusiano na bahari.

Hebu tuanze na sheria. Mwaka 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alibanwa na Waingereza akatia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza biashara yao baharini. Mjumbe aliyetumwa awali kusukuma jambo hilo alikuwa Sir Bartle Frere. Miaka miwili baadaye, wamisionari wa CMS wakaanzisha Kisauni makao ya watumwa waliookolewa, wakayaita kwa jina lake: Freretown. Ile kengele iliyoipa Kengeleni jina lake ni ya hadithi hiyo.

Lakini soma mkataba vizuri. Ulikataza biashara ya baharini, ukauacha utumwa wenyewe wa nchi kavu. Mashamba ya Malindi, yaliyolima mtama na ufuta wa kusafirishwa Arabuni, yaliendelea kulimwa na watumwa, na hiyo ilikuwa halali. Hapa pwani ya Kenya utumwa ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1907, miaka thelathini na nne baadaye.

Sasa weka watu wawili mbele yako. Wa kwanza yuko ndani ya jahazi, manowari ya Waingereza inalisimamisha, anashushwa akiwa huru, anapelekwa Kisauni, anapewa nguo na jina la ubatizo. Wa pili yuko shambani Takaungu. Usiku anaondoka kwa miguu yake. Asubuhi huyo wa pili ni mhalifu. Wote wawili ni watumwa, mwaka ni uleule. Baharini mtumwa alikombolewa. Nchi kavu, mtumwa aliyejikomboa alitafutwa kama mwizi, na kitu alichoiba kilikuwa mwili wake mwenyewe.

Uhuru wa Watumwa ni kitabu cha yule wa kwanza. James Mbotela alikuwa mtoto wa Freretown, wa kizazi kilichozaliwa na waliookolewa. Anasimulia jinsi wazee walivyotekwa bara, safari ya miguu kuja pwani, jahazi, manowari, halafu maisha mapya chini ya misheni. Ni kitabu chepesi kusoma, Kiswahili chake kimenyooka, na kwa miaka mingi kilikuwa mikononi mwa watoto wa shule. Sehemu za safari zina uchungu wa kweli, kwa sababu mwandishi anazipokea kutoka kwa watu aliokula nao. Huwezi kuzisoma ukabaki vilevile.

Wakosoaji wameshamkemea Mbotela mara nyingi kwamba anawasifu Waingereza kupita kiasi na kuwatwika Waarabu uovu wote. Sina haja ya kurudia. Mimi ninagombana na kitu kingine, kitu cha sarufi. Katika ulimwengu wa kitabu hiki uhuru unaletwa. Mtumwa anatekwa, anauzwa, anapakiwa, anaokolewa, anashushwa, anafundishwa. Hesabu vitenzi hivyo: vyote ni vya kutendwa. Kuanzia kijijini kwao hadi Kisauni, mtu huyo amefanyiwa kila jambo, baya na zuri. Hata jina la kitabu linakuandaa. Ni uhuru wa watumwa, kama vile posho ya askari: kitu ambacho mtu mwingine anacho, na siku ikifika anakitoa.

Mtoro anaharibu sarufi hiyo. Kutoroka ni kitenzi ambacho hakuna mtu anayeweza kukutendea. Ndiyo maana hawezi kuwa shujaa wa kitabu kama hiki. Ukimweka katikati, manowari inapoteza kazi.

Na si kwamba alikuwa mbali. Karibu mwaka 1879, bara ya Takaungu, kwenye nchi ya Wagiriama, kikundi kidogo cha Wakristo Wagiriama walianzisha kijiji cha Fuladoyo. Kiongozi wao alikuwa David Koi. Watoro wakaanza kuingia, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Hapakuwa na mzungu wa kuwapa hati. Walilima, wakajenga, wakalinda. Miaka michache baadaye Mazrui wa Takaungu walikivamia kijiji, na Koi akauawa. Fuladoyo hakikuwa peke yake. Vijiji vingine vya watoro, kama Makongeni, vilisimama nyuma ya mashamba vikiwa na bunduki zao na viongozi wao.

Hata Freretown yenyewe ilikuwa na watoro mlangoni. Mwaka 1880 mji wa Mombasa ulichemka kwa sababu wenye watumwa waliamini misheni inawaficha watu wao, na ilisemekana wangevuka kwenda kuivamia Kisauni. Msimamizi wa Freretown wakati huo alikuwa J. R. Streeter. Basi hapo ungetegemea Streeter awe shujaa. Lakini mwaka uliofuata likalipuka jambo jingine: kashfa ya viboko na adhabu kali alizokuwa akiwapa hao hao waliookolewa. Ilibidi aondoke. Yaani ndani ya boma la uhuru mlikuwa na fimbo, na mtu aliyeokolewa baharini angeweza kujikuta anatamani msitu.

Kwa mtazamo wangu hapo ndipo palipo na riwaya. Katika mwaka mmoja, mtu mmoja anaingia Freretown usiku kwa kuruka ua, mwingine anatoka Freretown usiku kwa kuruka ua huohuo. Mbotela angeweza kuwakutanisha. Alikulia mahali ambapo wazee wa namna zote mbili walikuwa bado hai au ndio kwanza wamezikwa.

Halafu kuna Rabai. Kule mchungaji William Jones, mwenyewe mtumwa wa zamani, aliongoza misheni iliyojaa watoro. Mwaka 1888 idadi yao ilikuwa kubwa kiasi kwamba Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ndio inaanza kutawala, iliona moto unakuja. George Mackenzie, mkuu wa kampuni hapa, akaamua kulipa. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru Rabai. Sherehe ikafanywa. Fedha, bila shaka, walipewa mabwana. Watu waliokuwa wamejikomboa kwa miguu wakageuzwa, kwa kalamu, kuwa watu walionunuliwa. Ni kama mtu akimbie moto, halafu zimamoto waje kesho kutwa kumpa cheti kwamba ndio waliomtoa.

Sasa nimtetee Mbotela, kwa sababu ni rahisi mno mimi wa leo, niliyekaa na bando langu la intaneti, kumcheka mtu wa 1934. Watu wa Freretown hawakuwa wanaheshimiwa mjini. Waliitwa mateka. Mombasa ya wakati ule iliuliza ukoo kabla ya kuuliza hali, na mateka hakuwa na ukoo wa kutaja. Mbotela alipoandika kwamba wazee wake waliletwa na manowari ya dola kubwa kuliko zote, alikuwa anawapa nasaba. Alikuwa anasema: sisi pia tulifika kwa chombo, sisi pia tuna siku ya kufika. Nisingependa kumnyang'anya hilo. Na bila kitabu chake, ile safari ya miguu kutoka bara tungeisoma kwa maneno ya wageni peke yake.

Unakumbuka Leonard Mambo Mbotela? Mzee wa redio, mtoto wa Freretown, mjukuu wa mtu aliyefika pwani akiwa mtumwa. Kwa miongo mingi aliiuliza Kenya nzima swali moja: Je, huu ni ungwana? Sisi tulidhani anauliza adabu, kama ni vizuri kutema mate ndani ya matatu. Lakini katika Kiswahili cha zamani muungwana si mtu mwenye adabu tu. Ni mtu asiye mtumwa. Mjukuu wa mtumwa akawa ndiye mwamuzi wa ungwana wa taifa, kila wiki, hewani. Hakuna mwandishi wa riwaya angethubutu kubuni jambo la namna hiyo. Ila hata hapo tazama: ungwana ulioshinda ni ule wa adabu, wa kukubalika. Ule wa kukimbia haukuwa na kipindi.

Aliyewatafutia watoro nafasi ni mwanahistoria Mmarekani, Fred Morton, katika Children of Ham, kilichotoka mwaka 1990. Kinaanza mwaka ule wa mkataba, 1873, na kuishia 1907. Ninakipenda kwa sababu moja kubwa: Morton hawahesabu watoro kama tatizo la mtu mwingine. Anawafuata kama watu wenye siasa zao, wanaopima nguvu za Mazrui, za misheni na za kampuni, wakichagua lini wapigane na lini wajadiliane. Vitenzi vyake ni vya kutenda.

Lakini nina manung'uniko mawili. La kwanza ni jina. Wana wa Hamu ni laana ya zamani ya kusingizia Biblia, iliyotumiwa kuhalalisha utumwa wa watu weusi. Naelewa kejeli. Hata hivyo watu waliojipa majina mapya msituni wanastahili jalada lisilowarudisha kwenye laana. La pili si kosa lake: ushahidi mwingi ni barua na ripoti za wamisionari, makonsuli na maofisa. Mtoro anaonekana pale tu anapomsumbua mtu anayejua kuandika. Akilima mahindi yake kwa amani miaka mitano, karatasi zinanyamaza. Kelly alipata mtu wa kumwandikia barua yake. Mtoro tunamsikia kupitia malalamiko ya wanaomtafuta.

Hapo mwanahistoria anafika mwisho wa kamba yake, na ndipo mwandishi wa hadithi angeanza. Nimetafuta riwaya ya Kiswahili ambayo mhusika wake mkuu ni mtoro wa nyuma ya Kilifi. Sijaipata. Nimepata wakulima, mabepari, makuli, wapigania uhuru, majini. Mtoro hapana.

Kuna mtu atasema: lakini pwani tuna mhalifu wetu mkubwa, Mbaruk bin Rashid wa Gasi. Ni kweli, na ukisimama hapa Port Reitz ukitazama ng'ambo ya maji, Dongo Kundu ile, unaangalia njia ya kwenda kwake. Mzee Mbaruk aliwasumbua masultani kwa miaka mingi, akawa na ngome yake Mwele, upande wa Shimba. Vita vya Mazrui vilipowaka mwaka 1895, kwa sababu ya urithi wa Takaungu, Waingereza walimfuata Mwele na jeshi la majini chini ya Admirali Rawson, huyo huyo ambaye mwaka uliofuata aliipiga mizinga kasri ya Zanzibar. Ngome ikaanguka mwezi Agosti. Mbaruk akaendelea kupigana msituni, mwaka 1896 akavuka mpaka kwa Wajerumani, akafia uhamishoni Dar es Salaam mwaka 1910.

Ni hadithi tamu: ngome, msitu, mzee asiyekubali kuinama. Lakini Mbaruk alikuwa mwenye watumwa, na wa nyumba yenye watumwa wengi. Watoro walimkimbilia pia, akawapokea kwa sababu alihitaji mikono ya kushika bunduki. Witu ilikuwa vilevile: Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, aliwapa watoro hifadhi na silaha, na baadhi yao wakavamia mashamba na kuteka watu wengine. Mtoro akamteka mtoro mtarajiwa. Simulizi ikisema watoro walikuwa malaika, iweke chini. Nami sitafuti malaika. Ninauliza tu kwa nini, tukihitaji mhalifu wa pwani wa kujivunia, mkono wetu unakwenda moja kwa moja kwa yule aliyekuwa na ukoo, ngome na jina refu. Tunampenda mwasi ambaye tayari alikuwa mkubwa. Aliyetoroka kutoka kwake hatumuulizi hata jina.

Utasema, haya ni mambo ya vitabu, yanatuhusu nini. Basi nikupeleke nyumbani kwetu.

Nyanya yangu ana nyumba. Ameijenga mwenyewe, chumba kwa chumba, tangu udongo na makuti hadi mabati na saruji. Ardhi iliyo chini yake si yake. Pwani tunaiita nyumba bila shamba: kuta ni zako, udongo una mwenyewe, na kila mwezi unalipa kodi ya mahali ulipokanyaga. Watu wengi wa bara nikiwaeleza hawaamini. Huku ni kawaida tu. Kila baada ya miaka michache anakuja mtu na karatasi, anatembea mtaani akiwa na mtu wa kupima, na nyanya halali.

Karatasi hiyo ina historia. Utumwa ulipofutwa mwaka 1907, fidia ililipwa kwa waliokuwa na watumwa. Mwaka 1908 ikaja sheria ya kuandikisha hati za ardhi ya pwani. Waliokuwa na ushahidi wa kumiliki mashamba wakaandikishwa. Waliokuwa wameyalima, na waliokuwa wamefyeka msitu kwa siri ili mtu asiwaone, walikuja na nini mezani? Maisha yao yote yalikuwa ustadi wa kutoacha karatasi. Walichokuwa nacho ni mahindi. Wakawa maskwota, na wajukuu zao bado wanaitwa hivyo.

Sisemi nyanya yangu ni wa uzao wa Fuladoyo. Kwetu hatujui, na nikimuuliza anasema, "Mwanangu, watu walikuja kutafuta kazi, basi." Huenda ni kweli. Huenda pia ni jibu ambalo familia nyingi za pwani zilijifunza kulitoa, kwa sababu swali la ulitoka wapi halikuwa swali la kirafiki. Ninachosema ni kwamba hadithi tunayojisimulia kuhusu nani alikomboa nani ndiyo inayoamua nani anaonekana mwenyeji na nani mvamizi. Kama uhuru uliletwa na manowari, basi aliyepokea ana deni, na mdeni hadai ardhi. Kama watu walijikomboa, wakafyeka, wakapanda, wakazika wafu wao pale, mazungumzo yanabadilika. Hakimu hatasoma riwaya, najua. Lakini mtoto wa skwota atasoma.

Ndiyo maana sitaki kitabu cha mtoro kiwe nakala ya Ned Kelly. Sitaki deraya wala farasi. Kosa kubwa la mtoro halikuwa kuiba benki. Lilikuwa kuamka asubuhi, kwenda kondeni, na mahindi yatakayoota yawe yake. Kwa sheria ya wakati ule, huo ndio ulikuwa uhalifu wenyewe, kwa sababu shamba moja la mtu asiye na bwana lilikuwa tangazo kwa mashamba yote. Nataka riwaya yenye moyo wa kuandika palizi. Yenye mwanamke aliyetoroka na mtoto mgongoni na kumziba mdomo asilie walinzi wakipita. Yenye mtu anayetoka Freretown akiwa na Biblia na makovu. Yenye ugomvi wa kijiji kuhusu kama wampokee mgeni wa leo usiku, kwa sababu kila mgeni anaweza kuwa amefuatwa. Yenye David Koi, lakini pia yenye yule aliyemsaliti mwenzake kwa bunduki mbili.

Na iandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu neno ni letu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye kazi yake kuhusu desturi za Waswahili ilichapishwa mwaka 1903, alilibeba neno hilo kama jina la kuzaliwa, akafundisha nalo Berlin. Kama jina hilo lilikaa kwenye jalada zaidi ya miaka mia iliyopita, linaweza kukaa tena.

Angalia ramani ya bara hii yetu ya Mombasa. Freretown ni ya Sir Bartle Frere. Port Reitz ni ya Luteni Reitz, ofisa wa majini wa Uingereza aliyeachwa Mombasa mwaka 1824 na akafa mwaka huohuo. Hakumaliza hata mwaka, na mimi ninaandika jina lake kila ninapojaza fomu. Mkombozi hata akipita tu njia, ramani inamkumbuka. Fuladoyo hata makanga hawaiti.

Juzi nilikuwa barazani na mpwa wangu, yuko darasa la tano. Alikuwa hajaenda shule, eti tumbo. Nyanya akamwita kutoka ndani: "Wewe mtoro, njoo ule." Mtoto akacheka akaenda. Nikataka kumwambia kitu, nikaona bado sina kitabu cha kumpa. Nilicho nacho ni hiki cha Mbotela, chenye bahari na manowari, na nitampa, kwa sababu ni kizuri na ni cha kwetu. Lakini nitamwambia anapofika Kisauni ainue macho atazame upande wa bara, kule kwenye msitu. Kuna watu wamesimama pale, kitabu hakiwaoni.